Meseji Haijaingia? Ngoja Kwanza Kabla ya Kutuma Tena

Saa kumi alfajiri, mteja wetu mmoja anayeuza mboga katika soko la Kongowea, Mombasa, alituma shilingi 18,000 kumlipa dereva wa lori la viazi. Simu ilizunguka, kisha ikamwandikia: “Muamala haujakamilika. Jaribu tena.” Dereva alikuwa na haraka, na wanunuzi wameshaanza kufika. Akajaribu tena. Kulipokucha aliangalia salio na kukuta shilingi 36,000 zimetoka.

Pesa hiyo haikupotea. Ilienda mara mbili. Na maneno yaliyomfanya atume mara ya pili tuliyaandika sisi.

Wengi wenu mmetuuliza tunamaanisha nini hasa tukisema “tuna hitilafu ya mitambo.” Leo tunawaeleza kilichotokea usiku ule bila kuficha. Ukielewa, utajua wakati wa kungoja na wakati wa kutupigia simu.

Kitu gani kiliharibika?

Saa nane usiku stima ilipotea mahali tunapoweka seva zetu, na betri za akiba hazikushika ilivyotakiwa. Seva moja ilizimika ghafla ikiwa katikati ya kuandika. Hiyo si seva inayotunza hesabu ya pesa zenu. Ni ile inayotuma meseji za uthibitisho na kuandaa stetimenti. Hesabu yenyewe, yaani leja, iko kwenye seva nyingine, na hiyo iliendelea na kazi. Zaidi ya hapo, kanuni za malipo za Kenya za mwaka 2014 zinataka pesa za wateja zishikiliwe katika akaunti ya amana ya benki, kwa hivyo seva kuharibika hakuli pesa ya mtu.

Stima iliporudi, ile seva iliwaka lakini ikakataa kuandika chochote. Ilikubali kusomwa tu. Mfumo wake wa faili ulikuwa umeharibika.

Fikiria daftari la madeni la mwenye duka. Ukurasa wa kwanza una orodha: Mama Salim ukurasa wa 14, fundi wa baiskeli ukurasa wa 22. Ukurasa huo ukiraruka, madeni bado yako ndani, ila hujui tena lipi ni la nani. Diski ya seva pia ina orodha kama hiyo, inayoonyesha kila faili iko wapi. Orodha ikivurugika, seva husimama ili isije ikaandika juu ya faili nyingine. Kule kukataa ni kinga.

Mwenye duka makini huandika kwanza kwenye karatasi ya pembeni: “Naenda kuandika deni la Mama Salim, ukurasa wa 14.” Akiitwa nje ghafla, akirudi anaisoma ile karatasi na kumalizia kazi. Mifumo mingi ya faili ya siku hizi, kama ext4 inayotumika kwenye seva nyingi za Linux, ina karatasi ya aina hiyo. Mara nyingi inatosha, na seva hujirekebisha yenyewe inapowaka. Usiku ule haikutosha, kwa sababu sehemu ya diski yenyewe iliumia.

Kwa nini ilichukua saa tisa?

Mafundi wetu wangeweza kukimbilia kurekebisha papo hapo. Hawakufanya hivyo, kwa kuwa kurekebisha ni kuandika, na ukiandika vibaya kwenye diski iliyoumia unaweza kufuta hata kile kilichobaki. Kwanza waliiondoa seva kazini. Pili, walinakili diski nzima kwenye diski nyingine nzima. Tatu, waliendesha programu ya ukaguzi inayoitwa fsck kwenye ile nakala, wakiiambia ikague tu bila kugusa kitu. Walipojua ukubwa wa tatizo ndipo wakairuhusu irekebishe.

Fsck ikikuta faili ambayo jina lake na mahali pake havijulikani tena, haiitupi. Huiweka kwenye folda inayoitwa lost+found, yaani vilivyopotea vikaokotwa, na kuipa nambari badala ya jina. Ni kama lile sanduku la ofisi ya matatu lenye simu na vitambulisho vilivyosahauliwa. Mafundi walifungua faili hizo moja moja, wakazilinganisha na leja.

Pengine unauliza, si mna nakala? Tunazo. Ila diski zinazofanya kazi kama pacha hazisaidii hapa, kwa sababu kosa likiandikwa upande mmoja huandikwa upande wa pili pia. Na nakala ya akiba ya usiku ule ilikuwa ya saa sita. Yaliyotokea kati ya saa sita na saa nane hayakuwemo, na tulihitaji kujua ni meseji zipi zilikuwa zimeshatumwa. Huduma ilirudi sawa saa tano asubuhi.

Hasara ilitoka wapi?

Leja haikupoteza hata shilingi moja. Hasara iliwapata wateja waliotuma mara mbili kwa sababu programu yetu iliwaambia wajaribu tena, ilhali pesa ilikuwa imeshafika na kilichokwama ni meseji tu. Dereva wa Kongowea alikuwa ameshatoa sehemu ya ile pesa kwa wakala. Mteja wetu aliipata yote baada ya siku nne, na kwa siku hizo nne hakuwa na mtaji wa kununua mzigo. Tulimwomba radhi, na tunawaomba radhi wote waliopatwa na jambo hilo.

Yale maneno tumeyaondoa. Sasa tukikosa uhakika, simu yako itakuambia: “Bado tunathibitisha. Usitume tena. Angalia salio.” Pia tumebadilisha zile betri, na tunajaribu nakala zetu za akiba kwa kuzirejesha kabisa, maana nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu.

Wewe ufanye nini?

Meseji isipoingia, usitume tena. Angalia salio kwanza. Kama limepungua, pesa imetoka, hata kama meseji haijaja.

Mwombe unayemlipa aangalie salio lake pia, si meseji peke yake. Meseji inaweza kuchelewa, na matapeli huweza kuitunga.

Ukiwa umetuma mara mbili, tupigie mara moja, kabla pesa haijatolewa kwa wakala. Tuambie kiasi, saa uliyotuma na nambari ya aliyepokea. Ukiwa na nambari ya muamala, itaharakisha kazi.

Mtu akikupigia wakati wa hitilafu akisema anataka PIN yako “ili arekebishe akaunti,” kata simu. Mafundi wetu hurekebisha diski, na kwa kazi hiyo hawahitaji PIN ya mtu yeyote.

Na kama aliye mbele yako ana haraka kama yule dereva, mwonyeshe salio lako kabla ya kubonyeza tena.