Kalia Mbuzi Kabla Hujachora Mashine

Vijana wa Muheza wanaopenda kuchezea vyuma huniuliza swali moja kila wanapomaliza shule: mtu anakuwaje mbunifu wa bidhaa za viwandani, na kazi yenyewe hasa ni ipi? Injinia wanamjua, fundi wanamjua. Huyu wa tatu hawamjui, na wala siwalaumu, kwani mjini kwetu hakuna ofisi yenye kibao chake. Huwa nawajibu kwa kuwapeleka jikoni, kwenye mbuzi ya kukunia nazi.

Itazameni vizuri. Ni mbao mbili zilizopishana, zinazokunjuka na kukunjika, na ulimi wa chuma wenye meno uliochomoza mbele. Mkunaji huikalia, kwa hiyo uzito wake mwenyewe ndio unaoizuia isisogee. Haihitaji meza, haihitaji skrubu ya kuibana. Mikono yote miwili inabaki huru kuzungusha nazi. Ulimi umeinuka kiasi cha sinia kuingia chini yake, na ncha yake imeviringwa ifuate umbo la ndani la kifuu. Mkunaji stadi husikia mkononi nyama nyeupe inapokaribia kwisha, akageuza nazi kabla meno hayajagusa kifuu na kutia vumbi la kahawia kwenye tui. Kazi ikiisha, mbuzi inakunjwa na kuegeshwa ukutani. Meno yakiwa butu, yeyote mwenye tupa anayanoa.

Kila jambo nililolitaja hapo ni uamuzi ambao mtu fulani aliufanya. Injinia anahakikisha ulimi haupindi. Fundi anauchonga. Mbunifu anaamua kifaa kitakaaje na mwili wa anayekitumia, kitatokana na mali ghafi gani iliyopo, kitauzwa bei gani, na siku kikiharibika kitakwenda mikononi mwa nani. Kwetu watu hao watatu mara nyingi ni mtu mmoja, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Maamuzi hayo yana nguvu kuliko watu wanavyodhani. Hapa Muheza tuna ushahidi mkubwa kabisa, nao ni korona, mashine ya kuchakata mkonge. Mkonge uliletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, na mashine kubwa zikaufuata. Korona inaponda jani, halafu magurudumu yenye visu butu yanalikwangua huku maji mengi yakisafisha nyuzi. Katika kila kilo 100 za majani, nyuzi unazopata ni kilo 4 hivi. Zilizobaki ni maji na makapi. Jani lililokatwa lazima lichakatwe mapema, kwani likikauka nyuzi hazisafishiki vizuri. Mashine ya namna hiyo haiwezi kulala njaa: inataka majani mfululizo, mto karibu, reli ndogo za kuyabeba, na mamia ya watu wa kukata. Mashamba makubwa, kambi za manamba na reli za mashambani vilipangwa kuizunguka. Kituo cha Mlingano, ndani ya wilaya yetu, kimefanya utafiti wa mkonge tangu 1934, na mbegu zimeboreshwa sana. Lakini mkulima wa ekari mbili, hata awe na mbegu bora namna gani, bado anasubiri zamu kwenye korona ya mwenzake. Umbo la mashine lilishaamua nani awe mkulima wa mkonge na nani awe kibarua. Ndiyo maana nawaambia vijana kwamba anayechora kifaa anagawa madaraka, hata kama mwenyewe anadhani anachora chuma tu.

Kwa safari ya mtu aliyeingia katika kazi hii bila kupitia mlango wa chuo kikuu, sina mfano bora nchini kuliko Bernard Kiwia wa Arusha. Alianza akiwa fundi baiskeli. Baadaye alishiriki mikutano ya kimataifa ya ubunifu iliyoanzishwa na wataalamu wa chuo cha MIT cha Marekani, mikutano ambayo mafundi, wakulima na wahandisi huketi karakana moja na kuunda kitu kwa mikono. Aliporudi, alitengeneza kwa vipuri vya baiskeli chaja ya simu, pampu ya maji, drili, blenda na hata kinu cha upepo. Kisha akashiriki kuanzisha Twende, karakana ya Arusha inayofundisha watu wa kawaida kubuni vifaa vyao wenyewe. Kinachonivutia zaidi ni hiki cha mwisho. Angeweza kukaa akatengeneza na kuuza. Alichagua kuongeza idadi ya wanaojua kutengeneza.

Kwa nini baiskeli? Kwa sababu kipuri chake kinapatikana kila gulio, na fundi wake yupo chini ya kila mwembe. Ipo sababu nyingine ya kihesabu, na hapa naomba msomaji anifuate taratibu.

Mtu mzima mwenye afya anayepiga pedeli kwa muda mrefu hutoa nguvu ya wati 75 hivi. Pasi ya umeme inakula wati 1,000, kwa hiyo ungehitaji watu zaidi ya 13 kuipasha moto. Wazo hilo litupe. Simu ndogo ya vitufe inachaji kwa volti 5 na takriban nusu ampea, yaani wati mbili na nusu tu, na dainamo ya kawaida ya taa ya baiskeli hutoa volti 6 na wati 3. Hapo pana njia. Ila umeme wa dainamo unageukageuka mwelekeo, na volti hupanda kila unapoongeza mwendo, kwa hiyo lazima uweke diodi nne za kuunyoosha, kapasita ya kuutuliza, na kidhibiti cha kuufunga kwenye volti 5. Diodi na kapasita zinapatikana hata kwenye redio mbovu.

Chukua sasa blenda. Baiskeli yenye gia ya mbele ya meno 44 na ya nyuma ya meno 18 huzungusha gurudumu mara 2.44 hivi kwa kila duara moja la pedeli. Ukipiga pedeli duara 60 kwa dakika, gurudumu linazunguka karibu mara 147. Gurudumu hilo lina kipenyo cha sentimita 70 hivi. Likisugua kirola cha sentimita 5, kirola kinazunguka mara 14 zaidi. Kisu cha blenda kinafika mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa miguu peke yake. Hesabu hii ni ya darasa la saba, na kijana asiyeifanya kabla ya kununua chuma atapoteza pesa.

Lakini hesabu kuwa sahihi hakutoshi, na kisa cha mashine ya kupukuchua mahindi kinaonyesha hivyo. Zilikuwapo mashine za pedeli za kupukuchua ambazo zilimeza baiskeli nzima: ukiifunga mashine, baiskeli umeipoteza. Jodie Wu, aliyesoma uhandisi MIT, alibuni ya kupachikwa kwenye baiskeli yoyote na kung'olewa, ili kijana aendeshe nyumba hadi nyumba akipukuchua kwa malipo, na jioni arudi na baiskeli yake. Mwaka 2009 ilianzishwa Arusha kampuni ya Global Cycle Solutions kuiuza. Kwa jicho la mbunifu ile ni kazi safi. Hata hivyo mahindi hupukuchuliwa kwa msimu, na kifaa cha msimu mmoja hakirudishi pesa yake upesi. Baadaye kampuni hiyo iliweka nguvu kwenye taa za sola, ambazo kila nyumba inazihitaji kila usiku. Mimi siiti hali hiyo kushindwa. Soko lilijibu swali ambalo mchoro haukuwa umeuliza.

Majirani zetu Kenya wana mfano wa upande wa pili. Martin Fisher na Nick Moon walianzisha shirika lao Nairobi mwaka 1991, ambalo sasa linaitwa KickStart. Pampu yao ya kwanza ya kukanyaga, MoneyMaker, ilitoka 1996, ikitokana na wazo lililokwisha kufanya kazi Bangladesh. Bangladesh ni tambarare. Mashamba mengi ya Kenya yako miinukoni. Mwaka 1998 wakatoa Super MoneyMaker, inayosukuma maji kupanda kilima. Wakaangalia pia kwamba mkulima haachi mali shambani usiku, kwa hiyo pampu ikafanywa ya kubebeka mpaka nyumbani. Hakuna kitu cha kigeni hapo. Ni watu waliokwenda shambani wakaona mwinuko, wakaona na wezi.

Sasa nirudi kwa kijana wa Muheza. Vyuo vipo. VETA Tanga watakufundisha kuchomelea na kukereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina uhandisi, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina masomo ya usanifu wa bidhaa kwa jina lake. TEMDO na CAMARTEC pale Arusha ni taasisi za umma zinazobuni mashine. Nenda ukipata nafasi. Lakini ikiwa ada haipo mwaka huu, omba kukaa na fundi baiskeli miezi kadhaa. Utajua ni nati ipi hulegea kwanza, na ni kipuri kipi wateja hukataa kununua kwa bei. Kompyuta ina programu nzuri za kuchorea, nazo jifunze, ila haitakuambia hayo.

Ukipata wazo, lifanye kwanza kwa boksi la karatasi na fimbo, kwa ukubwa wake halisi, umpe mama mwenye kazi hiyo alishike. Usimweleze kitu. Tazama mikono yake inakwenda wapi, na mgongo wake unapinda kiasi gani. Akikiweka chini akarudia kifaa chake cha zamani, amekupa jibu la bure ambalo kwenye chuma lingekugharimu. Kisha muulize angekinunua kwa kiasi gani, na usimpe bure: watu husifu sana kitu cha bure, na sifa hizo zinapotosha.

Kazi ya kuanzia ipo mbele ya macho yetu. Machungwa ya Muheza yanaondoka kwa malori yakiwa mabichi kama yalivyochumwa, na mengine yanaozea chini ya miti bei inaposhuka. Mashine za kukamulia zinazoagizwa kutoka nje mara nyingi hupangiwa tunda la kipenyo maalumu, na machungwa yetu hayana saizi moja hata ndani ya tenga moja. Anayetaka kubuni mashine ya hapa aanze na kalipa: apime machungwa 100 kutoka matenga tofauti, aandike kipenyo cha kila moja, kisha achore. Na ajiulize mapema mashine hiyo itafanya nini msimu ukiisha. Pengine ikamue pia miwa au maembe, kwani ya mahindi imeshatufundisha.

SIDO, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, ina ofisi Tanga mjini, na kazi yake ni kuwahudumia watu wa viwanda vidogo. Mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza 2019, yana kundi la wabunifu wasiopitia mfumo rasmi wa elimu. Ukiwa na mchoro peke yake, subiri kwanza. Ukiwa na kifaa kinachofanya kazi, hata kama kina kutu na kelele, panda gari ukipeleke.