Tochi ya Kichwani: Namna ya Kuichagua

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naona msemo huo wazifaa sana tochi za siku hizi. Hapa mjini Nanyuki utazikuta zimepangwa kando ya barabara, kila moja ndani ya kijisanduku chenye namba kubwa kubwa: lumeni 10,000, lumeni 50,000, na nimeona hata laki moja! Mnunuzi huwashiwa tochi mchana peupe, akamulikwa machoni, akashtuka, akatoa pesa. Hukumu huja usiku.

Nimeamua kuandika juu ya jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, sisi wa shule ya kutwa hutoka nyumbani gizani. Mimi hukimbia kilomita sita hadi shuleni, nikiondoka saa kumi na moja na robo alfajiri, na njia yenyewe ni ya mawe, mizizi na mitaro. Pili, likizo ya Agosti chama chetu cha kupanda milima kitakwea Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon hadi Kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari. Kila mwanachama ameambiwa aje na tochi ya kichwani ya kuchaji. Wazazi wetu hawaokoti pesa, kwa hivyo ni vyema tujue tunanunua nini.

Hebu tuanze na hizo lumeni. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye tochi. Kambini, kupika au kutafuta soksi ndani ya hema, lumeni 10 hadi 20 zatosha kabisa. Kutembea kwenye njia inayoonekana vizuri, 50 hadi 100. Mkimbiaji ndiye anayehitaji zaidi, baina ya 150 na 300, kwa sababu ya mwendo wake. Mtu akikimbia kilomita 10 kwa saa, huenda karibu mita tatu kila sekunde. Kama anaona mita sita tu mbele yake, ana sekunde mbili za kuliona jiwe, kuamua, na kuinua mguu. Atajikwaa tu!

Lakini msidhani kwamba ukizidisha lumeni mara mbili utaona mbali mara mbili. La, hasha! Mwanga husambaa kadiri unavyokwenda, kama tunavyosoma katika Fizikia. Ukitaka kuona mbali mara mbili kwa miale ya umbo lile lile, wahitaji mwanga mara nne. Mwanga huo mara nne huila betri kwa kasi mara nne pia, kama si zaidi. Ndiyo maana nasema kwamba swali la kwanza dukani lisiwe, "Inawaka namna gani?" Liwe, "Itawaka kwa muda gani?"

Hapo ndipo penye mtego. Tuseme kijisanduku kimeandikwa "lumeni 1,000, saa nane". Msomaji hudhani atapata lumeni 1,000 kwa muda wa saa nane. Kumbe namba hizo mbili si marafiki! Kuna kanuni ya upimaji iitwayo FL1, iliyotolewa Marekani mwaka 2009, ambayo watengenezaji wengi wazuri huifuata. Kwa kanuni hiyo, mwanga hupimwa kuanzia sekunde 30 baada ya kuwasha, na muda huhesabiwa mpaka mwanga ufifie na kubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Yaani tochi ya lumeni 1,000 huhesabiwa kuwa bado inawaka hata ikishuka hadi 100, na huenda imeshuka sana ndani ya saa ya kwanza. Afadhali tochi ya lumeni 200 isiyotetereka kuliko ya 1,000 inayozimia njiani. Tafuteni maandishi yanayoonyesha kila kiwango cha mwanga na muda wake.

Na kama hakuna maandishi hayo? Basi tupige hesabu wenyewe. Chukua ukubwa wa betri kwa miliampea-saa (mAh), ugawe kwa 1,000, kisha uzidishe kwa volti 3.7, ambazo ndizo za betri ya lithiamu. Jibu ni wati-saa. Betri ya mAh 1,200 ina wati-saa 4.4 hivi. Tochi nyingi za kisasa hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati moja. Basi betri hiyo yaweza kuwasha lumeni 100 kwa muda wa saa nne na dakika chache. Ukiiwasha kwa lumeni 1,000, haimalizi nusu saa!

Sasa tuipeleke hesabu hiyo mlimani. Kutoka lango la Sirimon, mita 2,650, watu hulala Old Moses, mita 3,300, kisha Shipton, mita 4,200. Wengi huondoka Shipton saa tisa usiku ili jua liwakute kileleni, karibu saa kumi na mbili unusu. Huo ni mwendo wa saa tatu na nusu gizani. Kwa lumeni 100 twatumia wati-saa 3.5. Ongeza usiku tatu za kambini, saa mbili kila usiku kwa lumeni 20: wati-saa 1.2. Jumla ni 4.7, na betri yetu ina 4.4. Haitoshi! Tena hatujaihesabu baridi.

Baridi ni adui mkubwa wa betri. Usiku huko juu maji huganda, na betri ya lithiamu iliyopoa sana hutoa nguvu pungufu. Mjomba wangu ni mpagazi mlimani, naye hulala na tochi yake ndani ya mfuko wa kulalia, karibu na tumbo. Mtu asipoelewa humcheka. Aidha, betri ya lithiamu isichajiwe ikiwa imepoa chini ya nyuzi sifuri, kwani huharibika ndani kwa ndani. Ipashwe joto kwanza mfukoni. Kwa hivyo ushauri wangu kwa safari ya Agosti ni betri ya mAh 2,000 au zaidi, au mbili ndogo. Akiba haiozi.

Hapo pana uamuzi mwingine: betri iliyofungiwa ndani, au inayotoka? Iliyofungiwa huwa nyepesi, na maji hayaingii kwa urahisi. Inayotoka yaweza kubadilishwa gizani kwa dakika moja, na ikizeeka hununui tochi nyingine. Kwa mkimbiaji wa saa moja alfajiri, iliyofungiwa yatosha, maana ataichaji jioni kwa chaja ya simu. Kwa msafiri wa siku nne asiyekuwa na stima, inayotoka ni bora, au abebe pawabenki.

Betri nyingi zinazotoka ni za aina ya 18650, yaani milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu. Mtu akikuuzia 18650 iliyoandikwa mAh 9,900, mrudishie kwa heshima. Zile bora za ukubwa huo huwa karibu mAh 3,500. Ipime kwa mkono pia: nzima ina uzito wa gramu 45 hivi, na ikiwa nyepesi kama ganda la yai, jua kwamba umeuziwa ganda.

Uzito wa tochi yenyewe nao una maneno. Mkimbiaji asizidishe gramu 100 hivi, la sivyo itamrukaruka kwenye paji la uso mpaka apate kichefuchefu. Ikiwa betri ni kubwa, heri iwe kisogoni ili ilingane na taa iliyo mbele. Vaa tochi ukiwa dukani, uruke mara kumi. Watu watakutazama, lakini ni pesa zako! Mwenye kubeba shanta hatasumbuliwa na gramu chache zaidi, kwa maana yeye hatikisiki sana.

Kuhusu mvua, tazameni alama ya IPX. IPX4 ina maana kwamba maji ya kurushwa kutoka kila upande hayaidhuru. Hiyo yatufaa wengi wetu. IPX7 huvumilia kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Tundu la kuchajia liwe na kifuniko kinachoshika, na liwe la aina ile ile ya simu ya nyumbani ili waya mmoja uhudumie vyote.

Yako mambo mawili madogo yasiyotangazwa sana. La kwanza ni taa nyekundu. Macho huchukua kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na mwanga mweupe huyarudisha nyuma mara moja. Taa nyekundu hafifu haiyasumbui sana, na haiwaamshi wenzako hemani. La pili ni kufuli la swichi, ili tochi isijiwashe ndani ya shanta ikafa kabla ya safari.

Fauka ya hayo, jueni udhaifu wa taa ya kichwani. Kwa kuwa iko karibu na macho, hufuta vivuli, na bila kivuli shimo huonekana kama bapa. Katika ukungu hali huwa mbaya zaidi, kwani mwanga hukurudia usoni kama matatu yenye taa kali. Dawa ni rahisi: ivue, uishike kiunoni, umulike chini, na upunguze mwanga.

Mwisho, tochi ikishanunuliwa isingoje mlima. Ichajini ijae, muiwashe jioni kwa kiwango kile kile mtakachotumia, kisha mtazame saa mkiwa mnasoma. Mkiona imefifia kabla ya muda wa safari, bado iko siku ya kuirudisha dukani. Mwanafunzi mmoja alifanya hivyo muhula huu na tochi yake ya "lumeni 50,000". Ilififia kabla hajamaliza zoezi la Hesabu! Aliirudisha, akaongeza pesa kidogo, akachukua ya lumeni 250 yenye betri ya kweli. Sasa hukimbia nyuma yangu kila alfajiri, nami naiona njia kwa mwanga wake.

Nawatakia wanachama wote wa safari ya Agosti maandalizi mema. Njooni na tochi, njooni na betri ya akiba, na mzilaze mahali penye joto.