Fahamu: Kijapani, mti wa mukau na ajira ya vijana wa Ukambani

Ukisikia maonyesho ya utamaduni wa Japani kwa wanachuo wa Kitui na Makueni, usidhani ni kukunja karatasi tu. Wajapani si wageni huku: tangu miaka ya 1980 shirika lao la ushirikiano wa kimataifa, JICA, limeshirikiana na watafiti wa misitu wa KEFRI mjini Kitui, na baadaye wakaboresha mbegu za mukau, mti wetu usioogopa ukame.

Na kazi? Tangu Aprili 2019 Japani hutoa viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu: kilimo, ujenzi, kuhudumia wazee. Shahada si lazima. Lazima ni kufaulu mtihani wa ujuzi na wa Kijapani, kwa kawaida ngazi ya msingi iitwayo N4. Wakala akikuambia lugha utajifunzia hukohuko, mkimbie.