Siku tano za mionzi badala ya wiki tano

Saratani ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, hutibiwa kwa kisu. Lakini uvimbe ukishapenya ukuta wa utumbo au kufika kwenye tezi za jirani, madaktari hutanguliza mionzi kabla ya upasuaji, na hapo njia ziko mbili. Ya kwanza humtaka mgonjwa afike kwenye mashine kila siku ya kazi kwa wiki tano hadi sita, apate dozi ndogondogo 25 hadi 28, huku akitumia dawa ya kemo. Ya pili ni dozi kubwa tano, Jumatatu hadi Ijumaa, na kazi ya mashine imekwisha. Madaktari wa Marekani waliikwepa hii ya pili kwa miaka mingi, na ni rahisi kuidhania kuwa tiba ya wasio na uwezo. Ushahidi hausemi hivyo. Kwa nchi zenye mashine za kuhesabika kama zetu, siku tano zingepaswa kuwa ndiyo kawaida, na anayetaka wiki tano ndiye atoe sababu.

Chimbuko la ushahidi huo ni Sweden. Kati ya 1987 na 1990 madaktari wa huko waliwagawa kwa kura wagonjwa 1,168: kundi moja likaenda moja kwa moja chumba cha upasuaji, jingine likapata kwanza mionzi ya siku tano, grei 5 kila siku (grei ni kipimo cha nishati ya mionzi ambayo mwili umeifyonza). Matokeo yalichapishwa 1997. Baada ya miaka mitano saratani ilikuwa imerudi palepale kwenye nyonga kwa asilimia 27 ya waliopasuliwa tu, na asilimia 11 ya waliotanguliziwa mionzi. Waliokuwa bado hai walikuwa asilimia 48 kwa kundi la kwanza na 58 kwa la pili. Saratani inayorudi kwenye nyonga huleta maumivu makali na kuvuja damu, na mara nyingi haipasuliki tena, kwa hiyo tofauti hiyo ina uzito hata kabla ya kuhesabu vifo. Wapinzani walisema, na hawakukosea, kwamba upasuaji wa enzi ile ulikuwa hafifu. Mpasuaji Mwingereza Bill Heald wa Basingstoke alikwisha kuonyesha kwamba ukiondoa puru pamoja na mafuta yote yanayoizunguka, bila kuuchana utando wake, saratani hurudi mara chache sana. Kama kisu kinaweza hivyo, mionzi ya nini tena? Waholanzi walijibu kwa wagonjwa 1,861 waliopasuliwa kwa namna ya Heald. Kwa mujibu wa matokeo ya 2001, baada ya miaka miwili saratani ilirudi kwa asilimia 8.2 ya waliopasuliwa tu na asilimia 2.4 ya waliopata siku tano za mionzi. Idadi ya waliobaki hai haikutofautiana, na sisi tunaoipigia debe mionzi tusilifiche hilo.

Hayo yanathibitisha tu kwamba siku tano ni bora kuliko kukosa mionzi kabisa. Je, zinalingana na wiki tano? Mashaka yana msingi wa kisayansi. Dozi hugawanywa kwa sababu tishu zenye afya hujirekebisha kati ya kipindi kimoja na kingine, na dozi kubwa kwa mkupuo huziumiza zaidi zile ambazo madhara yake huchelewa kuonekana, kama mishipa ya fahamu na misuli ya kubania haja. Ndiyo maana katika njia fupi jumla hushushwa: grei 25 badala ya 45 hadi 50. Watafiti wa Poland waliozilinganisha njia hizo mbili kwa wagonjwa 312 hawakuona tofauti katika kuishi, katika kurudi kwa saratani wala katika madhara ya baadaye. Australia na New Zealand, kwa wagonjwa 326, saratani ilirudi kwenye nyonga ndani ya miaka mitatu kwa asilimia 7.5 ya waliopata njia fupi na 4.4 ya waliopata ndefu. Kitakwimu pengo hilo lingeweza kuwa la bahati tu, ila halipendezi. Wasweden wakarudi uwanjani na wagonjwa 840, wakachapisha 2017: matokeo ya saratani yalikuwa sawa, na aliyengoja wiki nne hadi nane baada ya siku zake tano alipata matatizo machache zaidi ya upasuaji kuliko aliyepasuliwa wiki iliyofuata. Kwa hospitali ambayo nafasi ya chumba cha upasuaji hupatikana kwa kungoja, hiyo ni habari njema sana.

Sasa hesabu ya foleni. Kipindi cha dozi kubwa hakichukui muda mrefu sana kuliko cha dozi ndogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ni kumlaza mgonjwa sawasawa na kuhakikisha miale inalenga panapotakiwa. Nafasi 25 za mashine zinazomezwa na mgonjwa mmoja wa njia ndefu zingewatosha watano wa njia fupi. Tanzania kwa miaka mingi ilikuwa na kituo kimoja tu cha mionzi, Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, kabla Bugando ya Mwanza haijaanza kutoa huduma hiyo. Mtu wa Kigoma au Sumbawanga anayeambiwa abaki mjini wiki sita anaambiwa pia atafute pa kulala, nauli, chakula, na wa kumwangalizia shamba na watoto. Kisha kuna uhai wa mashine yenyewe. Mwaka 2016 mashine ya kobalti ya Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyokuwa pekee nchini, iliharibika kabisa, na nchi ikakaa zaidi ya mwaka bila huduma hiyo. Tiba ya siku tano ina nafasi ndogo ya kukatwa katikati na hitilafu ya namna hiyo. Hata Uingereza, yenye mashine tele, wataalamu walishauri siku tano UVIKO-19 ilipoingia 2020, kwa sababu kila safari ya mgonjwa hospitalini ilikuwa hatari. Mgonjwa wa Kigoma hakuhitaji janga ili safari zake ziwe ghali. Niongeze jambo lisilotajwa sana: pale hospitali inapolipwa kwa kila kipindi, wiki tano humletea mhasibu furaha ambayo haimhusu mgonjwa.

Pingamizi kubwa kuliko yote limetoka kwenye utafiti uliokusudiwa kuitetea njia fupi. Utafiti wa RAPIDO, uliohusisha wagonjwa 920, wengi wao wa Ulaya, uliunganisha siku tano za mionzi na miezi kadhaa ya kemo kabla ya upasuaji. Mwanzoni ulionekana ushindi mtupu: uvimbe ulikuwa umetoweka kabisa kwa asilimia 28 ya wagonjwa, mara mbili ya njia ndefu, na saratani ilisambaa mwilini mara chache zaidi. Lakini walipofuatiliwa miaka mitano, ilikuwa imerudi kwenye nyonga kwa asilimia 10 hivi, dhidi ya 6 za njia ndefu. Kwa maoni yangu hilo linaiwekea njia fupi mpaka bila kuiangusha. Wagonjwa wale walikuwa na uvimbe mkubwa na mbaya, na hao ndio wanaostahili kufikiriwa wiki tano. Tena utafiti wa China wa wagonjwa 599, uliofuata mpango unaofanana na huo na kuchapishwa 2022, ulikuta njia fupi haikuzidiwa, na baada ya miaka mitatu waliokuwa hai walikuwa asilimia 86.5 dhidi ya 75.1.

Wengine watauliza kwa nini tung'ang'anie mionzi wakati utafiti wa PROSPECT wa 2023 umeonyesha kuwa baadhi ya wagonjwa wanaweza kuiruka kabisa na kupewa kemo peke yake. Ni kweli, ila walichaguliwa kwa vipimo makini, wenye uvimbe ulio chini sana hawakuhusishwa, na badala ya mionzi walipewa mizunguko sita ya dawa za mishipani. Mizunguko sita hiyo nayo ni safari, na ni bili.

Kwenye umio, yaani mrija wa kupitishia chakula kutoka kooni hadi tumboni, ambako saratani huwaumiza wengi zaidi magharibi mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, hoja yangu inafika nusu ya njia. Pale kupona kunapowezekana, mpango wa Waholanzi wa vipindi 23 vya mionzi pamoja na kemo kabla ya upasuaji uliongeza muda wa kati wa kuishi kutoka miezi 24 hadi 49, na sina ushahidi wa kunipa ujasiri wa kuupunguza. Wengi, hata hivyo, hufika hospitalini wakati hata uji haupiti. Kwa hao, utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba kuongeza kemo juu ya mionzi ya vipindi 10 hadi 15 hakukuleta nafuu ya kumeza iliyothibitika, bali kuliongeza madhara. Mapema zaidi, 2004, Waholanzi walikuwa wamelinganisha bomba la chuma la kuzibua umio na kipindi kimoja tu cha mionzi ya ndani, yaani ile ambayo chanzo chake huingizwa kwenye umio wenyewe. Bomba lilizibua haraka. Mionzi ikadumu zaidi, na matatizo yake yakawa machache. Wala si jambo geni kwetu: mionzi ya ndani ya aina hiyo ndiyo wanayotibiwa nayo wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi katika vituo vyetu vikubwa.

Linabaki suala la ufuatiliaji, na hapo ndipo naona udhaifu halisi wa pendekezo la siku tano kwa saratani ya puru. Asilimia 10 za RAPIDO zilijulikana kwa sababu kila mgonjwa alitafutwa kwa miaka mitano. Anayekaa mjini wiki sita huzoeleka kwa wauguzi na faili lake hunenepa. Wa siku tano hupanda basi Jumamosi. Kituo kitakachochagua njia fupi kichukue namba yake ya simu, ya ndugu yake na jina la zahanati ya kijijini kwake kabla hajaondoka, kisha kimpangie mtu wa kupiga simu hizo.