Vitesi Ikikataa Asubuhi ya Baridi

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Mji wetu wa Kolwezi uko juu, zaidi ya mita 1400 toka usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba mbingu ni safi usiku, udongo unapoteza joto lake upesi, na alfajiri kipimo kinaweza kushuka chini ya digri 10. Ndipo mtu wa zamu ya asubuhi anapowasha motokari, anakanyaga embreyaji, na vitesi inakataa kuingia. Anasukuma kwa nguvu, chuma kinalia. Basi anaiacha motere iunguruke ndani ya garaji iliyofungwa ili «ipate moto», naye anarudi kunywa chai.

Utauliza: mtu wa dispanseri anatafuta nini katika buati ya vitesi? Jibu ni hili. Asubuhi moja ya baridi waliniletea baba na mtoto wake. Kichwa kiliwauma wote wawili, mtoto alitapika, miguu haikuwa na nguvu. Mama alidhani ni malaria. Nikauliza habari za nyumbani: chumba cha mtoto kilipakana na garaji, na motokari ilikuwa imeunguruma humo kwa muda mrefu. Walipewa oksijeni, wakapona. Wengine hawapati bahati hiyo.

Moshi wa motere una gesi iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kifuani inashika damu mahali pa oksijeni, na mtu anaweza kulala asiamke. Aliyefanya kazi chini ya udongo anajua kwa nini tunasukuma hewa safi katika njia za mgodi. Garaji yako haina mashini ya hewa.

Tena kazi hiyo ni ya bure. Motere ikiunguruma mahali pamoja, buati haipati joto sana. Inapata joto kwa kutembea. Itoe motokari nje, ngoja dakika moja mguu ukiwa umeondoka kwenye embreyaji, halafu enda polepole kilometa za kwanza.

Sasa tutafute ugonjwa wenyewe, kama vile sisi tunavyomuuliza mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Simamisha motokari nje, mahali pa tambarare, freni ya mkono imevutwa.

1. Zima motere, kanyaga embreyaji mpaka chini, jaribu vitesi zote moja moja. Kisha washa motere, jaribu tena. Zikiingia vizuri motere imezimwa na kukataa ikiwaka, ugonjwa uko katika embreyaji: haiachi sawasawa.

2. Zikiwa ngumu mara zote mbili, angalia fimbo ya vitesi na vyuma au kamba zinazoiunganisha na buati. Huenda zimekauka, zimepinda au zina kutu.

3. Zikiwa ngumu dakika za kwanza tu, halafu zikalainika njiani, ni mafuta ya buati. Baridi inayafanya kuwa mazito. Pengine yamezeeka, pengine hayakuwa ya namna inayotakiwa. Wako watu wanaotia mafuta mazito ili kunyamazisha buati iliyochoka. Asubuhi ya baridi watalipa deni lao. Tia yale yaliyoandikwa katika kitabu cha motokari yako.

4. Ikilia vitesi moja tu, kwa kawaida ya pili, hata motokari ikiwa na joto, ni pete ndogo zinazosawazisha mwendo wa meno kabla hayajashikana. Pete hizo mara nyingi ni za shaba iliyochanganywa na zinki, ni laini kuliko chuma. Kila mara unaposukuma kwa nguvu unazikata. Mpelekee fundi.

Jambo moja usilicheleweshe. Pedali ya embreyaji ikiwa laini kama sifongo au ikishuka chini kabisa, fungua kopo la mafuta yake. Katika motokari nyingi kopo hilo ni moja na la freni. Yakiwa yamepungua, yanavuja mahali fulani. Usiondoke. Kosa kazi siku moja, usikose freni.

Na njiani, vitesi ikikataa, usishuke mlima motokari ikiwa bila vitesi. Motere haikusaidii tena kuzuia mwendo, na freni peke yake zinaweza kupata moto zikashindwa. Usiangalie fimbo chini, angalia barabara. Simama pembeni.

Mama, wewe nawe una kazi. Ukisikia motere ndani ya garaji na mlango umefungwa, usingoje. Ita kwa sauti, mlango ufunguliwe, motere izimwe. Watu wawili wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kutapika asubuhi moja, watoe wote nje kwenye hewa safi, uwapeleke upesi dispanseri, na useme wazi kwamba motokari ilikuwa inawaka. Neno hilo moja linatuonyesha dawa. Na mbabula ya makala ndani ya chumba cha kulala inatoa gesi ile ile.

Buati iliyovunjika inapata nyingine garajini. Kifua cha mtoto hakina cha kubadilisha. Tutoe motokari nje kwanza, ndipo tuiwashe.