Fedha za Shule Zitoke Miguuni, Si Kwenye Pipi

Ndugu msikilizaji, kengele ya mapumziko inapolia katika shule nyingi za mijini, biashara huanza. Pipi, barafu za rangi, ubuyu na soda huuzwa langoni. Katika baadhi ya shule huuzwa ndani, kwenye duka la shule lenyewe, kwa maelezo kwamba faida itanunua mipira na kukarabati madawati. Nia ni njema. Lakini tujiulize: faida hiyo inatoka kwa nani?

Inatoka kwa mtoto. Ni zile shilingi mia mbili alizopewa na mama yake asubuhi apate kitu cha kula.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme shule inanunua pakiti ya pipi mia moja kwa shilingi 4,000 na kuuza kila pipi shilingi 50. Faida ni shilingi 1,000. Ili ipatikane laki moja, sharti watoto wamalize pipi 10,000! Na katika kila shilingi tano walizotoa, nne zimekwenda kwa mwenye duka la jumla. Shule imebaki na moja, na mtoto amebaki na jino bovu.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kutokana na chakula chake cha siku, awe mtoto au mtu mzima. Sababu zilizotajwa ni unene na kuoza kwa meno. Soda moja ya kawaida ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Shirika hilo hilo linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 auchangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku.

Sasa, yako mambo mawili yanayoweza kufungwa kwa kamba moja. Mwaka 1978, katika mji wa Milwaukee nchini Marekani, mwalimu mmoja wa michezo aliwaandaa wanafunzi wake waruke kamba ili kuchangia vita dhidi ya maradhi ya moyo. Chama cha Moyo cha nchi hiyo kikalichukua wazo hilo, likaenea katika shule nyingi. Kamba ya kuruka, ndugu msikilizaji, haihitaji mtaji. Watoto wetu wanairuka kila jioni uchochoroni bila kulipwa na mtu.

Utaratibu wake ni mwepesi. Kamati ya shule inachagua lengo moja linaloonekana, kwa mfano tangi la maji. Kila mtoto anapewa kadi ya mchango. Shangazi, mjomba na jirani wanaandika ahadi zao: shilingi kadhaa kwa kila mzunguko wa uwanja, au kiasi kimoja kwa siku nzima. Siku ya Jumamosi watoto wanatembea, wanakimbia, wanaruka kamba au wanacheza rede. Mwalimu anahesabu na kutia sahihi. Watoto 200 wakichangiwa shilingi 1,000 tu kila mmoja, ni laki mbili, na hakuna kiwanda kinachodai sehemu yake.

Hata hivyo, yapo ya kuangalia. Kwanza, mchango uwe wa hiari kweli. Serikali ya Tanzania ilifuta ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na haifai ada irudi kwa mlango wa nyuma ikiwa imevaa raba. Pili, asisomwe mstarini mtoto aliyeleta kidogo. Atakayepongezwa apongezwe kwa mizunguko, si kwa shilingi. Tatu, zoezi lianze asubuhi kabla ya jua kali, maji yawepo, na watoto wabaki uwanjani badala ya kupelekwa barabarani penye daladala. Mwenye pumu au ulemavu apewe kazi anayoiweza. Kuhesabu nako ni kushiriki. Mwisho, hesabu ibandikwe ukutani: kiasi kilichopatikana na kilichotumika. Mzazi aliyeona tangi limesimama hatasita kuchangia mwakani.

Wanaosema pipi ni rahisi wanasema kweli. Ni rahisi kwa mwalimu na kwa kamati. Gharama yake hulipwa baadaye, na mzazi huyo huyo, kwenye kiti cha daktari wa meno.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.