Kitimoto si Kiti: Kula Njiani hadi Marangu

Ukiwauliza wanachama wa chama chetu nani anajua Kiswahili cha jikoni, wote tutanyoosha mikono. Tumelelewa hapa Uingereza kwa wali, maharage na chapati. Mimi nami nilijiona mjuzi, mpaka Agosti iliyopita nilipokwenda na mwenzangu wa darasani kumtembelea bibi yangu Marangu, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Baba yangu ni Mchaga, na wazazi wa mwenzangu wametoka Unguja. Basi tulikubaliana: mimi mwenyeji, yeye mgeni.

Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Basi letu lilisimama mara moja tu kwa chakula, na kondakta alitupa dakika chache. Ushauri wa kwanza: shuka na pesa ndogondogo mkononi, kwa sababu foleni ni ndefu na dereva akishapiga honi hamsubiri mtu. Ukikosa, usihuzunike. Mahindi ya kuchoma, ndizi na karanga vitakufuata hadi dirishani.

Tuliingia Moshi jioni tukiwa na njaa kali. Tukaona baa yenye moshi wa nyama na ubao ulioandikwa "Kitimoto tayari". Mwenzangu akaniuliza kitimoto ni nini. Sikujua, lakini mwenyeji atasemaje hajui? Nikamwambia ni nyama inayokalishwa juu ya moto, ndiyo maana ikaitwa kiti. Nikaagiza nusu kilo.

Mchoma nyama aliitazama hijabu ya mwenzangu, akaweka kisu chini. "Samahani dada, wewe ni Mwislamu? Kitimoto ni nguruwe."

Nilicheka ili kuficha aibu. Mwenzangu hakucheka. Tulipotoka aliniambia neno moja tu: "Ungesema hujui, tungeuliza." Usiku ule alikula mkate na ndizi chumbani.

Asubuhi kazi ya kuuliza aliichukua yeye. Karibu na stendi tulimkuta mama lishe mwenye sufuria tatu na benchi moja. "Shikamoo mama. Leo umepika nini? Nyama ni ya nini, na amechinja nani?" Mimi nilitaka kujificha, lakini mama hakuona ubaya wowote. Alijibu kila swali, akatuwekea mtori: ndizi mbichi zilizochemshwa na nyama ya ng'ombe, kisha zikapondwa mpaka zikawa supu nzito. Uchagani ndicho chakula anachopewa mama aliyejifungua ili apate nguvu. Nilipoanza kutafuta nyama kwa kijiko, mama alicheka. "Taratibu mwanangu. Kunywa mtori, nyama ziko chini."

Kutoka Moshi panda daladala inayopitia Himo hadi Marangu Mtoni. Kadiri unavyopanda, hewa inapoa na barabara inazungukwa na vihamba, yaani mashamba ya nyumbani yenye migomba, kahawa na maharage pamoja. Hicho unachokiona dirishani ndicho utakachokikuta kwenye sahani. Machalari ni ndizi na nyama zisizopondwa. Kiburu ni ndizi na maharage, na kinamfaa asiyekula nyama. Karibu na lango la hifadhi, wafuate wapagazi. Watu wanaobeba mizigo kuelekea Kibo, mita 5,895, hawakubali sahani isiyoshibisha. Fika mapema, maana sufuria ikiisha imeisha.

Neno la tahadhari: mbege inafanana na uji, lakini ni pombe ya ndizi mbivu na ulezi. Safari hii niliuliza kwanza.

Tulifika kwa bibi alasiri. Njiani nilikuwa nikiwaza nitamwelezaje kuhusu chakula cha mgeni wangu bila kumkwaza. Bibi ni Mlutheri, na kwake mgeni anayekataa nyama ni kama amekataa nyumba. Nilipoanza maneno yangu ya kuzunguka, alinikatiza. "Baba yako alinipigia simu, akanitajia jina la mwenzako. Nikajua." Jogoo alikuwa ameshachinjwa. Asubuhi ile bibi alikuwa amemtuma kijana kwenda kumwita jirani Mwislamu aje kuchinja, kama walivyozoea kufanya kila penye arusi au msiba, ili pasiwe na mtu wa kukaa pembeni.

Mwenzangu alikula, akaongeza, akaongeza tena. Bibi alimtazama kwa furaha, kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mjukuu wangu, huko mjini ulimlisha nini mgeni wako?" Mwenzangu akanitazama. Nilimweleza yote, kiti na moto wake. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga.

Tukiwa darasani huwa tunaona haya kuuliza maana ya neno, kwa sababu sisi ni wa "Kiswahili cha nyumbani" na tunadhaniwa tunajua. Kuuliza si ujinga. Bibi yangu, aliyezaliwa mlimani, aliuliza kwanza mgeni wake ni nani. Ukienda Kilimanjaro, kula pale unapoweza kumuuliza mpishi, na uulize kabla hujaagiza nusu kilo.